Silaha za Askari wa Kirumi na Mahubiri Yetu juu ya Waefeso 6

Sehemu ya Waraka kwa Waefeso inayohusu silaha za Mungu (Efe. 6:10-20) ni miongoni mwa sehemu za Agano Jipya zinazohubiriwa mara nyingi sana katika sharika zetu. Husomwa kwenye semina za vijana, kwenye mikutano ya Injili, na hata katika ibada za kuwaingiza kazini wainjilisti. Nasi tulio walimu na wanafunzi wa theolojia twajua jinsi mahubiri hayo yanavyokwenda. Mhubiri humchora askari wa Kirumi mbele ya wasikilizaji, kipande kwa kipande, tangu mshipi hata upanga. Kisha husema kwamba Paulo, akiwa amefungwa mnyororo kwa askari, alimtazama mlinzi wake na kuandika aliyoyaona. Mwishoni huja lile neno ambalo karibu kila mmoja wetu amelisikia: kwamba askari yule hakuwa na kinga ya mgongoni, na kwa hiyo Mkristo anayegeuka nyuma hana ulinzi.

Neno hilo lina nguvu mimbarani. Kwa habari za askari wa Kirumi, hata hivyo, si kweli. Katika makala hii twakusudia kuvitazama vifaa vya askari huyo kama tunavyovijua kwa ushuhuda wa waandishi wa kale na wa vitu vilivyochimbuliwa ardhini, ili tuone ni wapi picha yetu yasimama na ni wapi yaanguka. (Swali la nani aliyeuandika Waraka kwa Waefeso twawaachia wenzetu wa ufafanuzi wa Maandiko, hapa tutamwita mwandishi wake Paulo, kama Kanisa lilivyozoea.)

Na tuanze na huo mgongo. Polybius, Myunani aliyeandika katika karne ya 2 K.K., asema kwamba askari wengi wa Rumi wa siku zake walivaa bamba la shaba lenye upana wa shubiri moja mbele ya moyo, na kwamba ni wale tu ambao mali yao ilikadiriwa kuwa zaidi ya drakma 10,000 waliovaa vazi la pete za chuma. Kama yupo askari wa Kirumi aliyekingwa mbele tu, basi ni yule maskini wa Polybius. Lakini kati yake na Paulo ipo miaka 200. Katika karne ya 1 B.K. vazi la pete lilikuwa limekwisha kuwa la kawaida. Lilifumwa kwa maelfu ya pete ndogo ndogo za chuma, kila moja ikiwa imeshikana na nyingine nne. Lilifunika kifua na mgongo pia, likaongezwa tabaka la pili mabegani, na uzito wake ulikuwa yapata kilo 10. Lile vazi jingine la mabamba ya chuma yaliyopangwa kwa kupandana, ambalo wachoraji wa picha za Shule ya Jumapili hulipenda mno, nalo lilizunguka mwili wote. Jina lake la Kilatini lililozoeleka leo, lorica segmentata, si la Warumi wenyewe. Lilibuniwa na wataalamu wa Ulaya karne nyingi baadaye. Mifano yake mizuri ilipatikana Corbridge, Uingereza, mwaka 1964, na mwaka 2018 likapatikana vazi karibu zima huko Kalkriese, Ujerumani, mahali panapohusishwa na kushindwa kwa jemadari Varus mwaka 9 B.K. Hata chapeo ya Kirumi ilikuwa na ukingo mpana uliotokeza nyuma ili kuilinda shingo. Watu waliotengeneza vifaa hivyo walijua vyema kwamba askari hupigwa kutoka pande zote.

Hapa yafaa tuliangalie neno letu wenyewe. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walipolikuta neno la Kiyunani thoraks katika Efe. 6:14 walichagua ‘dirii’, neno lililotoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya kwanza ni vazi la vita la pete za chuma. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anayeijua lugha yake yu karibu zaidi na vazi lililovaliwa na askari wengi wa karne ile kuliko mtoto anayetazama picha yenye mabamba yanayong'aa. Twaongeza tu kwamba neno ‘kifuani’, linalofuata katika tafsiri yetu, halimo katika Kiyunani. Labda nalo limechangia lile wazo la mgongo ulio wazi. Ama neno ‘chapeo’, hilo lilitufikia pwani pamoja na Wareno, ambao kwao ni kofia tu.

Lakini je, ni kweli kwamba Paulo alikuwa akimtazama mlinzi wake? Popote alipofungwa, askari aliyewekwa kumlinda mfungwa mmoja hakuwa na sababu ya kubeba ngao ya vitani na kuvaa chapeo mchana kutwa. Walinzi wa Kaisari mjini Rumi, walipokuwa zamu ikuluni, walivaa toga juu ya silaha zao. Tena, mahali ambapo Paulo aliipata dirii ya haki na chapeo ya wokovu panajulikana: ni Isaya 59:17, ambapo anayezivaa ni Bwana mwenyewe, atokaye kuleta haki kwa sababu hakuna mwanadamu wa kuileta. Mshipi wa viunoni watoka Isaya 11:5, na miguu yenye habari njema Isaya 52:7. Kwa maoni yetu jambo hili lina uzito kuliko yote mengine katika ufafanuzi wa sehemu hii, na mahubiri yanayoanzia kambini Rumi mara nyingi hayafiki kwa Isaya kamwe. Muumini havikwi sare ya Kaisari. Anavikwa mavazi ya Mungu.

Hata hivyo hatusemi kwamba askari wa Kirumi aondolewe kabisa. Wasomaji wa kwanza wa waraka huu walimjua. Kipo kifaa kimoja ambacho Isaya 59 hakina na ambacho kwa hakika ni cha Kirumi: ngao. Paulo hatumii neno aspis, ngao ya mviringo ya Wayunani, bali thureos, linalotokana na neno la Kiyunani la mlango. Ndilo neno analolitumia Polybius kwa scutum, ngao ndefu ya Warumi. Polybius aieleza kuwa na upana wa futi mbili na nusu na urefu wa futi nne, imejipinda kuufuata mwili, imetengenezwa kwa matabaka ya mbao yaliyogundishwa, ikafunikwa kitambaa kisha ngozi ya ndama, na kutiwa ukingo wa chuma juu na chini ili isipasuliwe kwa upanga wala isiharibike inapowekwa chini. Katikati ilikuwa na kitovu cha chuma cha kuyarudisha mawe na mikuki. Mwaka 1900 ngao inayokaribiana sana na maelezo hayo ilichimbuliwa Kasr el-Harit katika Fayum, Misri. Urefu wake ni sentimita 128.

Ngao nyingine, ya karne ya 3 B.K., ilipatikana Dura-Europos, mji wa ngome ulio kando ya mto Frati huko Syria, uliochimbuliwa kati ya 1928 na 1937 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale wakishirikiana na Wafaransa. Hiyo haikuwa na chuma tena wakati wa kupatikana, lakini rangi zake zilikuwa zingalipo: tai, simba, na malaika wa ushindi wa kipagani juu ya rangi nyekundu. Twaitaja kwa sababu wanafunzi wetu wa historia ya Kanisa wanalijua jina la Dura kwa jambo jingine. Humo ndimo ilimopatikana nyumba iliyogeuzwa kuwa kanisa, yenye chumba cha ubatizo kilichopambwa kwa picha, na ambayo ni kati ya majengo ya Kikristo ya zamani kuliko yote tunayoyajua. Mambo haya mawili yana sababu moja. Waajemi wa ukoo wa Wasasania walipokaribia kuuzingira mji, yapata mwaka 256, jeshi la Rumi lilijaza udongo nyuma ya ukuta wa magharibi ili kuuimarisha, na katika kufanya hivyo likazifukia nyumba zilizokuwa karibu na ukuta, kanisa na sinagogi zikiwemo. Mji ulianguka na haukukaliwa tena. Sepeto za askari wale ndizo zilizotuhifadhia picha ya Mchungaji Mwema iliyokuwa juu ya kisima cha ubatizo.

Kuhusu mishale yenye moto, Livy asimulia jambo linaloangaza maneno ya Paulo. Katika kuzingirwa kwa Saguntum, Hispania, mwaka 219 K.K., wenyeji walitumia mkuki uliozungushiwa nyuzi zilizopakwa lami na kuwashwa. Hata ulipokwama katika ngao bila kuugusa mwili, asema, ulitisha. Kwa maana mwendo wake hewani uliuchochea moto, na askari alilazimika kuitupa ngao yake, akabaki wazi kwa mapigo yaliyofuata. Hatari ya moto, basi, haikuwa kuungua tu. Ilikuwa ni kumfanya mtu aiache mwenyewe kinga yake. Paulo anaposema juu ya kuizima mishale hiyo kwa ngao ya imani, asema juu ya ngao isiyolazimika kutupwa.

Upanga wa askari wa miguu, gladius, ulikuwa mfupi: ubao wake ulikuwa na urefu wa kati ya sentimita 40 na 55 hivi, wenye makali pande mbili, si mbali sana na kipimo cha sime. Warumi waliuiga kutoka Hispania. Vegetius, aliyeandika zamani za mwisho za dola, asema wakufunzi waliwafundisha askari kuchoma na si kufyeka, kwa kuwa jeraha la kuchoma, hata likiwa la kina kidogo, huua, na anayechoma hauinui mkono wake na kuuacha ubavu wazi. Sanamu za makaburi zaonyesha upanga huo ukining'inia upande wa kulia kwa askari wa kawaida na upande wa kushoto kwa maakida.

Mkuki wa kurushwa wa Kirumi, pilum, Paulo hautaji kabisa, ingawa ndio uliokuwa silaha ya kwanza ya askari wa lejioni. Ulikuwa na urefu wa karibu mita mbili. Nusu ya mbele ilikuwa fimbo nyembamba ya chuma yenye ncha ndogo, nusu ya nyuma mti. Kaisari asimulia vita vyake na Wahelvetii mwaka 58 K.K.: pilum moja ilizipenya ngao mbili na kuzishikamanisha, chuma kikapinda kisichomoke, na watu wengi, baada ya kuhangaika kuutikisa mkono, wakaona heri kuitupa ngao na kupigana bila kinga. Mhubiri anayesema kwamba Paulo aliorodhesha vifaa vyote vya askari wa Rumi hana budi kueleza kwa nini ameiacha silaha hii. Sisi twaona jibu ni rahisi: hakuwa akiandika orodha.

Yatupasa pia kuuliza, ni askari gani hasa? Katika Uyahudi wa siku za Bwana wetu, kabla ya vita vya mwaka 66, hapakuwa na lejioni. Maliwali walitumia vikosi vya wasaidizi, watu wasiokuwa raia wa Rumi, na Josephus aonyesha kwamba wengi wao waliandikwa kutoka Kaisaria na Sebaste huko Samaria, yaani majirani wa Wayahudi waliokuwa na uhasama nao wa siku nyingi. Wasaidizi hao kwa kawaida walivaa dirii za pete, walibeba ngao bapa na mkuki wa kuchomea. Neno la Yohana 19:34 kwa silaha iliyomchoma Yesu ubavuni ni logkhe, mkuki wa kawaida. Wale waliogawana mavazi yake chini ya msalaba yaelekea walisema lugha za nchi ile ile na walizaliwa mwendo wa siku mbili tatu kutoka Yerusalemu. Picha ya Mrumi wa mbali, mwenye chapeo yenye shungi jekundu, yatupunguzia uchungu wa jambo hilo.

Kuhusu viatu tunacho kisa kimoja cha Josephus ambacho kingefaa kujulikana zaidi. Katika kuzingirwa kwa Yerusalemu, mwaka 70, akida mmoja wa Bithinia aitwaye Julianus alikuwa amesimama pamoja na Tito katika ngome ya Antonia. Alipoona Warumi wanarudishwa nyuma, aliruka peke yake akawakimbiza Wayahudi hata pembe ya ua wa ndani wa Hekalu. Watu walimkimbia kana kwamba si mwanadamu. Lakini alikuwa amevaa viatu vya askari, vyenye misumari mingi iliyopigiliwa kwenye soli, na ua ule ulikuwa umesakafiwa kwa mawe. Akateleza, akaanguka chali kwa kishindo cha silaha zake, na waliokuwa wakikimbia wakageuka. Walimzunguka wakampiga kwa mikuki na panga. Aliyapokea mapigo mengi kwa ngao yake, akajaribu kuinuka mara nyingi, akaangushwa tena. Hakufa upesi, asema Josephus, kwa sababu chapeo na dirii vilizifunika sehemu za mwili zinazoua, naye aliikunja shingo yake ndani. Hata viungo vyake vingine vyote vilipokuwa vimekatwa-katwa na hakuna mwenzake aliyethubutu kumwendea, ndipo akakata tamaa. Josephus, ambaye alikuwa upande wa Warumi wakati huo, asema alimjua mtu huyu na kwamba hata adui zake walimsifu.

Katika kisa hicho kimoja tunaona kazi ya karibu kila kifaa: ngao, chapeo, dirii, na viatu. Misumari ile iliwekwa ili askari asimame imara katika udongo na majani, na kwa ajili hiyo ilifaa sana. Kitenzi kinachorudiwa katika Efe. 6:11-14 ni kusimama, wala hakuna mahali Paulo anapowaambia wasomaji wake washambulie. Tukumbuke pia kwamba utayari wa miguu hiyo ni wa Injili ya amani, maneno ambayo askari wa Tito wasingeyaelewa.

Mshipi tuutaje kwa ufupi. Ulikuwa ndio alama ya uaskari hata mtu alipokuwa hana silaha nyingine, na Suetonius asema Augusto aliwaadhibu maakida kwa kuwasimamisha siku nzima mbele ya hema ya jemadari, wengine wakiwa na kanzu tu bila mshipi. Aibu hiyo ilitosha.

Mengi zaidi ya silaha yalikuwa mgongoni. Josephus ataja msumeno, kikapu, sururu, shoka, kamba ya ngozi, mundu, mnyororo, na chakula cha siku tatu, akaongeza kwamba askari wa miguu hakutofautiana sana na nyumbu wa mizigo. Warumi wenyewe waliwatania askari wao kuwa nyumbu wa Marius. Si ajabu kwamba askari alipomkuta mtu wa nchi njiani alimkamata ambebee, au alimchukua punda wake. Epictetus, mwanafalsafa aliyekuwa mtumwa, awashauri wanafunzi wake kwamba askari akimtaka punda wako umwache, usije ukapigwa na punda pia ukamkosa. Neno la Bwana juu ya maili ya pili (Mt. 5:41) latumia kitenzi kile kile cha kushurutishwa kinachotumiwa kwa Simoni Mkirene (Mt. 27:32).

Na kabla hatujamaliza, tusisahau kifaa ambacho hakuna mhubiri anayekitaja: bendera za kijeshi, zenye tai na sura za Kaisari juu ya miti mirefu. Hizo ziliheshimiwa kama miungu. Pilato alipoziingiza Yerusalemu usiku, Wayahudi walimfuata Kaisaria, wakalala chini na kuzitoa shingo zao kwa upanga kuliko kukubali, naye akaziondoa. Mwaka 70, Hekalu likiwaka, askari walizisimamisha uani penyewe, mbele ya lango la mashariki, wakazitolea dhabihu. Anayewahimiza vijana wetu wamtazame askari wa Rumi kama mfano wa muumini yafaa alikumbuke hili.

Labda jambo linalotuonyesha askari huyo kama mwanadamu kuliko yote ni deni. Vifaa vyake havikuwa vya bure. Zimepatikana chapeo zilizochongwa majina ya watu kadhaa, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa kifaa kilipita toka mkono hata mkono. Tacitus, akieleza maasi ya majeshi ya Pannonia mwaka 14 B.K., amtaja askari Percennius aliyelalamika kwamba mwili na roho ya askari vilithaminiwa kwa asi kumi kwa siku, na kutokana na hizo alipaswa kulipia nguo, silaha na hema, na kumhonga akida ili asipigwe. Akida mmoja katika maasi hayo, Lucilius, alikuwa amepewa jina la utani ‘Lete Nyingine’, kwa sababu kila fimbo yake ya mzabibu ilipovunjika juu ya mgongo wa askari aliagiza nyingine. Waasi walimuua.

Katika ngome ya Masada kilipatikana kipande cha papiro cha miaka ya 70 B.K., hesabu ya mshahara wa askari mmoja, Gaius Messius, mtu wa Beirut. Alipokea dinari 50. Katika hizo alikatwa 16 za shayiri, ambayo wengi huiona kuwa ya kulishia farasi, 20 za chakula, 5 za viatu, 2 za kanda za ngozi, na 7 za kanzu ya kitani. Msomaji akijumlisha ataona kwamba hakikubaki kitu.

Tukiwa na papiro hiyo mkononi, tulisome tena jibu la Yohana Mbatizaji kwa askari waliomwuliza wafanye nini (Lk. 3:14). Yaelekea hao walikuwa watu wa Herode Antipa, ambaye nchi yake ilifika ng'ambo ya Yordani, lakini desturi za malipo hazikuwa mbali na zile za Rumi. Neno la Luka kwa mshahara ni opsonion, ambalo asili yake ni posho ya chakula. Paulo alitumia katika 1 Kor. 9:7, anapouliza ni askari gani aendaye vitani kwa gharama zake mwenyewe, na katika Rum. 6:23 juu ya mshahara wa dhambi. Kitenzi kinachotangulia, ambacho kwetu kimefasiriwa kwa maana ya kudhulumu, kwa Kiyunani ni kumtikisa mtu kwa nguvu, kama mtu atikisavyo mti ili matunda yaanguke. Askari ambaye mshahara wake umekwisha kwa viatu na kanzu kabla hajaushika alikuwa na sababu ya kuwatikisa watu. Yohana hamwambii kwamba mshahara huo unatosha.